Karani ao kapita? Namna ya kuonesha kazi yako ya kweli mbele ya Inspektere ya Travaye

Hii minaandika juu ya bandugu na badada ba hapa Lubumbashi benye banatumikaka mu bulo, mu depo ya route Likasi, ku kese ya magazini, ku pwantaje (kuandika nani amefika ku kazi) mu basosyete ya sutretansi yenye inatumikia mine, ku baajansi ya deklarasyo ya dwane kule Kasumbalesa, na benye ku baji yabo banaandika "shefu wa" kitu fulani lakini kutoka asubui mpaka mangaribi banajaza paka makaratasi. Minasaidiaka batu kupanga madosye yabo mbele ya kwenda ku Inspeksyo ya Travaye (bulo ya serikali yenye inaangaria mambo ya kazi), na swali lenye linarudia sana ni hili: huyu mutu ni karani (mwenye anashugulikia makaratasi na bitu) ao ni kapita (mwenye anaongoza batu)?

Shida inaanza hivi. Unaomba bakulipe masaa yenye unatumika kupita ya kawaida, patro anajibu weye uko shefu, shefu habahesabiake masaa, mushara yako ni forfe, ni yenye haibadirike hata ukitumika masaa mingi. Unanyamaza. Kisha siku moya banakutosha ku kazi, banakupa dekonti finale (hesabu ya mwisho), unaangaria namna banahesabu preavi (zile siku za kukujulisha mbele ya kukutosha), unaona banakuweka mu klase ya chini sawa mutu wa egzekisyo wa kawaida. Basi uko shefu wakati wa kutumika na uko karani wakati wa kulipwa! Haiwezekane bikuwe byote bibili. Kama una makaratasi yenye inaonesha hii mambo mbili zinapingana, tayari una nusu ya dosye yako.

Mbele ya yote uelewe kitu kimoya. Kwetu Kongo, Kode ya Travaye (loi 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, yenye ilibadirishwa na loi 16/010 ya tarehe 15 julai 2016) inamuita mutravayere kila mutu mwenye anatumika kwa mushara chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine. Karani iko ndani, kapita iko ndani, kadre (mukubwa wa sosyete) iko ndani. Kwa hiyo mutu asikudanganye kusema juu uko shefu Kode haikuangarie tena, hauwezi tena kwenda ku Inspeksyo. Hapana. Unaweza. Kitu chenye kinabadirika ni klase yako, na klase njo inavuta mushara, preavi ya konvansyo kolektif (mapatano ya patro na sindika), na ile mabishano ya masaa.

Klase zetu zinapanda hivi: manevri wa kawaida, manevri wa kazi nguvu, semi-kalifye, kalifye, kalifye wa juu, kisha metrizi, kisha kadre wa kolaborasyo na kadre wa direksyo. Karani anakuwaka katikati, mu semi-kalifye mpaka kalifye wa juu kufatana na masomo na uzoefu wake. Kapita wa kweli, mwenye anaongoza batu, anaanzia ku metrizi. Mustari wenye tunatafuta uko pale, kati ya kalifye wa juu na metrizi, na njo pale mapatro banachezea sana juu hakuna ukuta, ni kazi ya siku kwa siku njo inaonesha uko upande gani.

Sasa namna gani kujua.

Swali la kwanza, na kwangu njo la maana kuliko yote: nani anakata shauri? Kukata shauri haiko kuandika shauri. Twaa pwantere wa mine. Asubui anasimama ku mulango na buku yake, anaandika nani amefika, nani amechelewa, nani hakukuya. Batu banamuogopa kabisa juu kalamu yake inaweza kukata siku ya mushara. Lakini akiandika "absan", nani anaamua kama huyu mutu alipwe ao asilipwe, apewe sanksyo ao asamehewe? Kama buku inapanda ku bulo ya personeli na kule njo banaamua, pwantere iko karani. Kuogopwa na batu haikufanye kapita. Lakini kama pwantere huyohuyo anaweza kumurudisha mutu ku nyumba asubui ile bila kuuliza mutu, anaweza kumuhamisha kutoka ekipi ya muchana kwenda ekipi ya usiku, anaweza kumuandikia demande ya esplikasyo (barua ya kumuomba ajieleze juu ya kosa) na kusaini yeye mwenyewe kwa jina lake, pale hatuko tena mu ukarani, hata kama fishi ya pe inasema "karani".

Sekretere naye vilevile. Anapiga simu: "Direktere anasema mukuye saa nane mu renio." Anaamuru? Hapana, anapeleka neno la mwingine. Na angaria sana sinyatire. Kama barua zinatoka na jina la direktere, na chini sekretere anasaini na ile "P.O.", maana yake anasaini kwa amri ya mwingine, basi hata kama amesaini barua mingi sana mu mwaka, hakuna hata moya yenye ni shauri yake. Niliona mapatro banaleta lundo la barua za namna ile ku Inspeksyo sawa ushuhuda ya kwamba mama fulani alikuwa mukubwa wa servisi. Kama ni weye, usitetemeke, onesha paka ile herufi mbili.

Swali la pili: unachunga batu ao unachunga bitu? Magazinye anachunga stoki, anafunga depo, ana funguo, kukikosa kitu njo yeye banauliza. Ni mutu wa kuaminiwa, ni kweli, lakini kuaminiwa na mali haiko kuongoza batu. Na kama ana musaidizi mumoya wa kubeba makarto na kumwambia "weka hapa, peleka pale", ile haitoshe. Karani mukubwa na karani mudogo banatumikaka pamoya, mukubwa anaonesha mudogo njia, ni kawaida mu bulo yote. Uulize hivi: ule musaidizi akiomba konje, anaandikia nani? Nani anasaini ile karatasi ya konje? Nani anamupa kota (pwe za kazi yake) ku mwisho wa mwaka? Kama kila mara jibu ni "shefu wa juu", magazinye ni karani mwenye iko na musaidizi.

Swali la tatu ni la masaa yako mwenyewe. Kila mutu anafanya kidogo ya huku na kidogo ya kule. Karani anaweza kubakia mahali pa shefu siku mbili juu shefu ni mugonjwa, na kapita naye anajazaka rapore jioni. Tunatafuta kazi yenye inakula siku yako. Kama mu masaa tisa unapitisha saba kuingiza fakture mu ordinatere, kuklase, kuhesabu, kujibu simu, basi ile saa moya ya kuangaria ekipi haiwezi kubadirisha jina ya kazi yako. Uandike! Mwezi muzima, kila jioni, mu kaye ya kawaida: tarehe, nilifika saa ngapi, nilifanya nini, nani alinituma, nilitoka saa ngapi. Ile kaye peke yake haiko ushuhuda wa kumaliza yote, ni weye mwenyewe uliandika, lakini kama inaenda sawa na pwantaje na ma-mesaji ya WhatsApp ya shefu, inakuwa na nguvu sana, na inakusaidia weye mwenyewe usisahau kitu wakati Inspektere anakuuliza.

Halafu kuna kesi ya katikati, ngumu kweli: mutu mwenye anatoa mawazo lakini haamue. "Minapendekeza huyu apewe sanksyo." Kisha bulo ya personeli inaamua. Kule India babishana juu ya hii kwa miaka mingi, juu loi yabo ya migogoro ya kazi ya 1947 ililinda karani lakini mutu wa kusimamia mwenye mushara ilipita kiwango fulani (kutoka 2010 mpaka 2025 ilikuwa rupia 10,000 kwa mwezi) alitoka inje ya ile loi kabisa, hakukuwa na haki ya kuikimbilia. Basi kwao hii swali ilikuwa ya kufa na kupona. Mu miaka ya 1980 Kortii yabo Kuu ilipata kesi ya mukaguzi wa hesabu wa ndani ya sosyete, kazi yake ilikuwa kuangaria na kutoa rapore ku bakubwa, na babaamuzi balisema kukagua kwa niaba ya bakubwa na kupeleka rapore haiko kusimamia batu, juu hana uwezo wa kufunga sosyete na shauri yake mwenyewe. Juji wa Lubumbashi hafungwe na ile hukumu, ni inchi ingine na loi ingine, lakini ile namna ya kuwaza ni nzuri na minaitumiaka: mwenye anapendekeza paka, na pendekezo yake inaweza kukataliwa bila kumuuliza, bado ni karani. Lakini kama kila pendekezo yako inapita vile uliandika, hakuna mutu anaangaria tena nyuma yako, ukuwe mwaminifu, pale patro iko na neno la kusema.

Na kuna kesi ya upande mwingine, yenye batu banasahau. Mutu anafanya ukapita wa kweli, miaka, na banamulipa ukarani. Shefu wa servisi alienda, bakamwambia "shika kidogo, tunatafuta mutu", na ule mutu hakutafutwa hata siku moya. Ndugu, kama njo weye, usiende ku Inspeksyo kusema uko karani ili upate masaa, utapoteza. Sema ukweli: minatumika kazi ya metrizi, minaomba klase ya metrizi na tofauti ya mushara. Soma konvansyo kolektif ya sosyete yenu pale banazungumuzia enterime (kushika mahali pa mwingine kwa muda), nyingi zinaweka muda, na muda ukipita banapaswa kukulipa prime ao kukupa ile klase. Delege sindikal (mujumbe wa batumikaji) anapaswa kuwa na kopi. Kama hakupe, omba ku Inspeksyo.

Sasa feza, juu batu bananiulizaka "inanisaidia nini kujua klase yangu?"

Masaa: loi inaweka masaa 45 kwa wiki. Yenye inapita, masaa sita ya kwanza mu wiki inaongezewa 30%, yenye inafata 60%, na ile ya siku ya kupumuzika 100%. Twaa karani wa dola 390 kwa mwezi. Masaa 45 kwa wiki inafanya masaa 195 kwa mwezi, basi saa moya ni dola 2. Akitumika masaa 55 mu wiki ana masaa kumi ya kupita: sita kwa dola 2.60 ni 15.60, ine kwa dola 3.20 ni 12.80, yote ni dola 28.40 kwa wiki moya. Hesabia miezi. Njo pale unaelewa juu ya nini ku baji baliandika "shefu".

Preavi: kama kontra haina mwisho na ni patro anaivunja, Kode inatoa siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima. Karani wa miaka sita: 14 na 42, ni siku 56 za kazi. Hii ni ya chini kabisa, hakuna konvansyo yenye inaweza kushuka chini yake, lakini konvansyo nyingi zinatoa preavi ndefu zaidi kwa metrizi na kadre. Kwa hiyo kama banakuita shefu miaka yote, waambie bahesabu preavi ya shefu.

Na muda wa kuomba! Hapa batu banaliaka. Haki zenye zinatoka ku kontra zinakufa kisha miaka mitatu, lakini kuomba mushara inakufa kisha mwaka moya kutoka siku yenye mushara ilipaswa kulipwa. Mwaka moya paka. Mutu ananiletea masaa ya miaka ine, ninamwambia papa, ya mwaka huu tunapigana, ya zamani ni vigumu sana. Usingoje kufukuzwa njo uanze kuhesabu.

Makaratasi ya kukusanya, na minasema kukusanya pole pole wakati bado uko ku kazi, haiko siku banakufungia mulango: kontra yako na kila avena (karatasi yenye inabadirisha kontra), fishi za pe zote, juu patro analazimika kukupa dekonti ya maandishi kila mara anakulipa na pale klase inaandikwaka, nota ya servisi yenye ilikupa posti, organigrame kama babandika ku muro, piga foto, karatasi zako za konje zenye zinaonesha nani alisaini, demande ya esplikasyo yenye ulipata ao yenye ulitoa. Karatasi ya konje ninaipenda sana. Kama uko "shefu wa depo" lakini konje ya musaidizi wako ilisainiwa na mutu mwingine, na hata jina yako haiko pale, ile karatasi moya inasema zaidi ya mashahidi batatu.

Lakini ujichunge: chukua makaratasi yenye inakuhusu. Usitoshe kontra za baklia, bei, siri za sosyete, usipige foto mu ordinatere ya direktere. Utawapa sababu ya kusema fote lourde (kosa kubwa), na utatoka mu dosye ya klase na kuingia mu dosye ya wizi.

Kama kontra ya maandishi hauna, usikate tamaa. Kode inaruhusu mutravayere aoneshe kwa njia yote kwamba kontra iko, ndani yake kuna nini, na ilibadirika namna gani kisha. Mashahidi, mesaji, rapore, sinyatire yako mu buku ya depo, byote binaingia.

Ukimaliza kukusanya, andika barua ku patro. Fupi, ya heshima, bila matusi na bila kutisha na avoka. Sawa hivi: "Bwana Direktere, tangu tarehe fulani minatumika ku posti ya magazinye. Kazi yangu ya kila siku ni kupokea mali, kuandika fishi ya stoki na kutoa rapore ku shefu wa lojistiki. Siamue sanksyo, konje wala kuandikwa kwa mutu. Fishi yangu ya pe inaniweka mu klase ya metrizi lakini masaa yangu hayalipwe na preavi yangu inahesabiwa mu klase ingine. Minaomba kwa heshima klase yangu iwekwe sawa na masaa yangu ya mwaka huu ihesabiwe." Kopi mbili, na ku kopi yako basaini ao bapige kashe (muhuri) na tarehe. Bakikataa kupokea, rudi na delege sindikal, mupatie mbele yake.

Bakinyamaza, unaenda ku Inspeksyo ya Travaye. Hii haiko shauri ya kupenda: bila kupita ku konsiliasyo (kujaribu kupatana) mbele ya Inspektere, tribinali haitapokea dosye yako hata kama una haki mia kwa mia. Inspektere anaita pande zote mbili. Pale usianze na hasira yako ya miaka, najua iko pale na ina sababu, lakini muda ni mufupi. Anza na kazi: "asubui minafanya hii, muchana hii, jioni hii." Kisha muulize patro mbele ya Inspektere swali moya: "Tafazali, munipe jina ya mutu mumoya mwenye nilimupa sanksyo, ao nilimupa konje, ao nilimuandika ku kazi, kwa shauri yangu mwenyewe." Kisha nyamaza. Usijibu mahali pake. Kama kweli ulikuwa shefu atakuwa na mifano, kama hakuna mufano hata moya mu miaka yote, Inspektere ataandika.

Mukielewana, musaini prose-verbale (karatasi ya Inspektere) ya konsiliasyo, na usisaini mbele ya kusoma klase yenye baliandika na hesabu yote, juu kuna wenye banakubali feza na kusahau klase, kisha sertifika ya mwisho wa kazi inatoka na jina ya posti yenye si yako. Musipoelewana, omba prose-verbale ya kukosa kuelewana, njo tiketi yako ya kuingia ku Tribinali ya Travaye, na kwenye tribinali ile haijawekwa bado ni Tribinali ya Grande Instansi njo inashugulikia. Ku travaye juji hakae peke yake, anakaa na baasesere, mumoya wa upande wa mapatro na mumoya wa upande wa batumikaji, na asesere ya kazi anajua vizuri pwantere ni nani na magazinye ni nani, basi umuoneshe buku na usipoteze muda kumufundisha. Kama ni kufukuzwa bila sababu ya kweli, unaweza kuomba urudishwe ku kazi, ao kama haiwezekane, domaje enterè (feza ya fidia) yenye juji anaweza kufikisha mpaka mishara ya miezi 36, na hesabu ile inashika mushara yako ya mwisho, kwa hiyo kama klase yako ilikuwa ya uongo, omba klase irekebishwe mu rekete (barua ya kushitaki) ileile, mbele ya kuomba domaje, juu juji akihesabia mushara ya chini itabakia vile.

Siku ya odiyansi peleka orijinale zote, acha kopi paka mu dosye, na mashahidi bakuye na karte ya elektere (ya kupiga kura).